Twendeni Quanzhou!

Kama shule yenu ina mpango wa kuwapeleka watoto Uchina kujifunza urithi wa huko, na kamati ya wazazi imekwisha kuandika Beijing na Ukuta Mkuu, nawaomba kwa heshima zote: kaeni kikao tena. Andikeni Quanzhou! Tumetua juzi tu na kundi letu la kwanza, mizigo mingine haijafunguliwa, na mimi nimeshindwa kungoja ripoti rasmi. Nimewahi kufuatana na wanafunzi mbugani, makumbusho, viwandani, hata nje ya nchi, na sijaona safari iliyowashika watoto namna hii. Tangu asubuhi ya kwanza waligeuka wapelelezi. Mji uko mbali kweli kweli na kwetu Malindi, lakini kila kona waliyokata walikuta bahari yao imetangulia kufika.

Quanzhou ni bandari ya jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa Uchina, upande unaotazama Taiwan. Kwetu jina hili halitajwi sana, maana wafanyabiashara wetu huenda Guangzhou. Lakini katika enzi za Song na Yuan, kuanzia karne ya 10 hadi ya 14, hapa ndipo zilipotia nanga merikebu zilizobeba mali za Hormuz, Aden, Bara Hindi na pwani yetu. UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021, maeneo 22 kwa mpigo mmoja: mahekalu, msikiti, madaraja, matanuri ya kauri, magati. Tena yupo mtu ambaye watoto wetu wanamjua tangu darasani, Ibn Battuta. Mwaka 1331 alikuwa Kilwa, akaonja ukarimu wa sultani. Miaka kama kumi na mitano baadaye akashuka hapa hapa, katika mji aliouita Zaitun, akaihesabu bandari yake miongoni mwa kubwa kabisa alizowahi kuona. Mtu mmoja, ncha mbili za njia! Hebu niambie ni mtaala gani unaoweza kupanga somo zuri kuliko hilo.

Uamuzi mmoja tulioufanya kabla ya kuondoka ndio uliozaa mengine yote, na nauweka mbele ili shule nyingine ziuige. Kabla hatujagusa pasipoti, tuliwapeleka watoto Gedi na Mambrui, hapa hapa jirani na Malindi. Gedi, ambako moja ya nyumba za mawe inaitwa kwa bakuli la kauri lililochimbuliwa humo na nyingine kwa sarafu za Kichina. Mambrui, kwenye lile kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Wakashika penseli, wakachora mabakuli yale, maua yake na rangi zake, daftari zikajaa. Walipopanda ndege hawakuwa wakienda nchi ya watu kushangaa; walikuwa na swali mkononi. Vyombo hivi vilitoka wapi, nani aliviunda, na vilifikaje kwetu?

Jibu la kwanza liko katika uwanja wa hekalu la Kaiyuan, lililoanzishwa mwaka 686, ndani ya jumba lililojengwa kuhifadhi chombo kimoja tu. Chombo chenyewe! Kiligunduliwa katika matope ya Ghuba ya Quanzhou na kuchimbuliwa mwaka 1974, merikebu ya biashara iliyozama mwishoni mwa enzi ya Song, katika miaka ya 1270. Iliyobaki ni sehemu ya chini, mita 24 hivi kwa urefu na mita 9 kwa upana, mbao nyeusi zilizokaa maji kwa karne saba. Tulitoka kwenye jua, tukaingia kivulini, tukajikuta tumesimama juu ya mbavu za jahazi kubwa kuliko lolote ambalo watoto hawa wamewahi kuliona likiundwa.

Hapo ndipo kijana mmoja wa kidato cha pili, mjukuu wa fundi wa majahazi, alipolichukua somo kutoka mikononi mwetu sisi walimu. Akaanza kusoma chombo. Huu mkuku, hizi mbao za pembeni zimepandana tabaka juu ya tabaka, hapa ndipo palipozibwa. Mwenyeji wetu akaeleza kwamba mianya ilizibwa kwa nyuzi za katani zilizochanganywa na chokaa na mafuta ya mti ambao Wachina huuita tung. Kijana akaruka: “Mwalimu, hiyo si deheni? Babu hupiga kalafati kwa pamba, halafu chini hupaka chokaa na mafuta!” Kamwe sikutegemea kuyasikia maneno ya gatini kwetu, kalafati na deheni, ndani ya hekalu la Kibudha huko Fujian, tena yakimfanya mkufunzi wa makumbusho aombe karatasi ayaandike.

Kisha tofauti, na tofauti ndizo zilizowasisimua zaidi. Tumbo la merikebu limegawanywa vyumba 13 kwa kuta za mbao, hivi kwamba maji yakiingia chumba kimoja vingine vinabaki vikavu. Majahazi yetu hayana. Misumari ni ya chuma, ilhali mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba. Na kwenye maungio ya mkuku mafundi wa kale walichimba vishimo wakaficha humo sarafu saba, zimepangwa kwa umbo la nyota za kaskazini, pamoja na kioo cha shaba, baraka kwa mabaharia. Watoto waliganda hapo. Nao wanajua kwamba kwao chombo hakishuki majini bila dua.

Na shehena, jamani! Zaidi ya tani mbili za miti ya manukato, pilipili manga, ubani, ambari, magamba ya kasa, simbi, na vibao vidogo vilivyoandikwa wenye mali. Ubani na ambari! Wasichana wetu walicheka kwa furaha, maana ubani ni harufu ya nyumba zao kila Alhamisi jioni. Kama mna nafasi ya kituo kimoja tu Quanzhou, kiwe hiki. Sisi tulikipa alasiri moja, na alasiri moja haitoshi hata kidogo.

Kituo cha pili ndicho kilichonitoa machozi, na sioni haya kusema. Jumba la Makumbusho ya Bahari la Quanzhou lina ukumbi mzima wa mawe ya makaburi yaliyookotwa mjini kwa miaka mingi, mengine yakiwa yamepachikwa kwenye kuta za kale: ya Waislamu, ya Wakristo, mawe ya hekalu la Kihindu. Wenyeji wetu, wanafunzi wa shule ya sekondari ya pale, wameyapita mawe haya tangu utotoni. Maandishi ya Kiarabu juu yake kwao yalikuwa mapambo mazuri. Basi wetu waliosoma madrasa wakasogea, wakainamisha vichwa, wakaanza kusoma. Kwa sauti! Aya za Qur'ani, kisha jina la marehemu, kisha jina la baba, kisha mji alikotoka. Wenyeji wakakusanyika. Msichana wa Quanzhou akamwambia mwenzake wa Malindi asome tena polepole, akawa anaandika. Halafu tukafika kwenye jiwe lenye maandishi ya lugha mbili, na zamu ikageuka: wao wakasoma Kichina, wetu wakasoma Kiarabu, na kati yao wakamjenga upya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Hakuna mwalimu aliyesema neno. Nimesoma mipango mingi ya kubadilishana wanafunzi inayoahidi kwamba kila upande utatoa na kupokea. Hapa niliona kwa macho yangu watoto wakifanya kazi ambayo upande mmoja peke yake usingeweza kuimaliza.

Kutoka hapo kwenda msikiti wa Qingjing furaha ilikuwa haijashuka. Msikiti huu ulijengwa mwaka 1009 wa Miladi, mwaka 400 wa Hijria, na maandishi yaliyochongwa kwenye lango lake yanasema hivyo waziwazi. Lango ni la mawe, refu, lenye matao yanayoingia moja ndani ya jingine. Ukumbi wa kuswalia hauna tena paa. Kuta zimesimama, mihrabu ipo, juu ni mbingu. Maandishi hayo hayo yanataja ukarabati wa karne ya 14, na aliyeufanya alikuwa mtu wa Shiraz. Shiraz! Umwambie nini mtoto aliyekua akisikia habari za Washirazi wa Kilwa? Walipiga kelele kiasi cha mlinzi kuja kutazama kuna nini, na alipoelezwa akacheka pamoja nao.

Nitaipita haraka sanamu ya Mani, mwanzilishi wa dini ya kale ya Umani, katika kijihekalu cha Cao'an, ya mwaka 1339, ijapokuwa ni ajabu ya peke yake, kwa sababu tulifika pale jioni watoto wamechoka. Lakini siwezi kuipita ofisi ya ushuru. Mabaki yake ni machache, msingi na mfereji, na kundi la watalii la kawaida lingepiga picha mbili likaondoka. Sisi tulikaa. Ofisi hii ya kusimamia biashara ya bahari ilifunguliwa Quanzhou mwaka 1087, na mwanzoni mwa karne ya 13 msimamizi wake alikuwa bwana aitwaye Zhao Rukuo. Huyu bwana hakusafiri. Alikaa ofisini akiwauliza manahodha na wafanyabiashara habari za nchi walikotoka, na mwaka 1225 akazikusanya kitabuni. Katika kitabu hicho kuna nchi ya Cengba, ambayo wataalamu wengi wanaitambua kuwa pwani ya Zanj, yaani kwetu. Anasema watu wake wanafuata dini ya Waarabu na kuvaa nguo za buluu na viatu vyekundu vya ngozi. Wanauza pembe za ndovu, dhahabu, ambari na msandali. Na merikebu huwaletea vitambaa, shaba na vyombo vya kauri. Vyombo vya kauri! Watoto walifungua daftari zao za Mambrui pale pale, juu ya msingi wa ofisi, wakamwonyesha mwenyeji michoro. Swali walilolibeba tangu nyumbani lilikuwa limeanza kujibika, na karani wa ushuru ndiye aliyelijibu.

Twiga? Najua mnangoja twiga. Naam, mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Ming, na kila mtoto wa kwetu anaijua hadithi hiyo. Mimi naona imepewa nafasi kubwa kupita kiasi. Twiga alikuwa zawadi ya mara moja, ya wakubwa kwa wakubwa. Kinachoelezea miaka mia kwa mia ya kupashana habari ni bakuli, ubani, karani na kalafati. Hata hivyo, nilipanda kilima cha Lingshan kwa shauku kama mwingine yeyote, kwa sababu juu yake, karibu na makaburi mawili ambayo mapokeo ya hapo yanasema ni ya masahaba, kuna jiwe la mwaka 1417. Linaeleza kwamba Zheng He, amiri wa merikebu na mwana wa familia ya Kiislamu, alifika hapo kufukiza udi na kuomba baraka akiwa njiani kwenda Hormuz. Ni ile safari yake ya tano, iliyoendelea hadi pwani ya Afrika Mashariki! Vijana walisimama mbele ya jiwe lile wakihesabu pepo: aliondoka na kaskazi gani, alisubiri kusi wapi. Mjadala haukwisha hadi chakula cha usiku.

Asubuhi zetu zilikuwa za mikono, na hapa nawapongeza wenyeji bila kipimo. Hakuna mtoto aliyekaa kwenye kiti akitazama maonyesho. Katika muziki wa nanyin, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2009 na ambao watu wa Quanzhou wanauenzi kama muziki wa tangu na tangu, walipewa ala washike. Pipa ya huku, ala ya nyuzi, hulazwa kifuani kama udi wetu wa taarab, ilhali sehemu nyingine za Uchina huisimamisha wima. Binti yetu mmoja anayepiga udi nyumbani aliipakata, vidole vikapata njia, mzee aliyekuwa akifundisha akatabasamu akavuta filimbi yake ya mwanzi. Wakapiga pamoja kitu ambacho hakikuwa nanyin wala taarab, na kilikuwa kizuri sana.

Vikaragosi vya nyuzi navyo! Kikaragosi kimoja huwa na nyuzi kumi na sita, na vingine huzidi thelathini, na bingwa wake anaweza kukifanya kimwage divai kikombeni na kuinywa. Watoto wetu walijaribu kukitembeza hatua moja. Mikono ikafungana, vicheko vikajaa, lakini kufikia adhuhuri kikaragosi kimoja kilikuwa kimepiga hatua mbili za chakacha, wazi kabisa, viuno na vyote. Bingwa aliomba aonyeshwe chakacha halisi. Akaonyeshwa!

Dehua iko milimani, saa kadhaa kwa basi kutoka mjini, na ndiko inakotoka ile kauri nyeupe inayojulikana duniani kote. Udongo wa huko una chuma kidogo sana, kwa hiyo ukichomwa hutoka mweupe unaopitisha mwanga. Tulitembea kando ya tanuri la kale lililopanda mlima kwa mteremko, moto ukiwashwa chini na joto likipanda chumba hadi chumba. Kisha karakana, udongo mkononi, gurudumu likizunguka. Kila mtoto aliunda bakuli, na wengi wakachora juu yake maua waliyoyanakili Mambrui. Fundi mmoja alizitazama daftari zile kwa muda mrefu. Akatueleza kwamba mabakuli ya namna ile yalitoka kwenye matanuri mbalimbali ya kusini mwa nchi, akataja mikoa, akafananisha kingo na maua, akasema lipi lingeweza kutoka jirani na lipi halikutoka Dehua kabisa. Mabakuli ya watoto yatachomwa na kuletwa na wenyeji watakapokuja. Kwa nini, enyi waandaaji, siku hii iwe moja tu? Iwe mbili! Watoto walivutwa nje ya karakana kwa nguvu.

Kuhusu maisha ya nyumbani nina furaha moja kubwa na ushauri mmoja. Kila mwanafunzi alikaa na familia, na familia zilijitahidi kwa namna ambayo bado inanigusa: ya jirani na nilipokaa ilinunua sufuria mpya kabisa kwa ajili ya mgeni wao Mwislamu, na nyanya wa nyumba ile alikwenda mwenyewe sokoni kuchagua samaki. Chaza wa kukaangwa na mayai, uji wa tambi nyembamba asubuhi, na chai! Anxi, kwenye majani ya chai ya Tieguanyin, iko ndani ya eneo hili hili la Quanzhou, na chai hapa humiminwa kutoka buli dogo kwenda vikombe vidogo mno, bila sukari, bila maziwa, tena na tena, na mazungumzo hayakatiki. Watoto wetu waliozoea chai ya rangi yenye tangawizi walikunja nyuso siku ya kwanza. Siku za mwisho walikuwa wakimiminia wakubwa kwa mikono miwili, wakianza na nyanya. Ushauri wangu: wazazi waandike mapema na kwa undani kuhusu chakula, dawa na mzio, kwa sababu wenyeji wanatekeleza kila kinachoandikwa.

Na wasichana wasikose kijiji cha Xunpu. Wanawake wa pale, jamii ya wavuvi, husuka nywele kisogoni na kuzizungushia mataji ya maua mabichi, na nyumba zao za kale zina kuta za magamba makubwa ya chaza. Wenyeji wanasimulia kwamba magamba yale yalirudi na merikebu kutoka nchi za mbali, yakiwa farumi ya kuzituliza zikiwa tupu. Nywele za kwetu zilisukwa, maua yakazungushwa, na wanawake wale walivutiwa mno na mabutu ya mabinti zetu. Wetu nao wakaeleza habari za vikuba vya asumini vinavyovaliwa kwenye harusi za Lamu na Mombasa. Wakabadilishana mitindo mpaka basi likapiga honi.

Daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059, tuliliona maji yakiwa yamekupwa, na hivyo ndivyo linavyopasa kuonwa. Wajenzi walipanda chaza kwenye nguzo ili magamba yao yakue na kuyashikamanisha mawe. Chaza wakafanya kazi ya saruji! Mwalimu wetu wa bayolojia alishuka hadi ukingoni na somo likaendelea huko.

Sasa ni zamu yetu. Wanafunzi wa Quanzhou wanatarajiwa Malindi msimu wa kaskazi, na wetu wamekwisha kugawana kazi: nani atawaongoza Gedi, nani Mambrui, nani atawapeleka gatini kwa babu wa yule kijana wakaone kalafati ikipigwa. Bibi wawili wa mtaani wamejitolea kuwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Shule jirani zinazotaka kujiunga na kundi la pili, njooni ofisini mapema, leteni na daftari za michoro, maana watoto watahitaji wiki kadhaa za kuchora mabakuli kabla ya kufikiria tiketi.